Nani Alirekebisha Kabureta?

6 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua mwaka jana sasa umetulia. Sisi huku hatujambo. Paa la chumba cha nyuma lilivuja, tukaliziba. Goti la Mama linamuuma akipanda ngazi, lakini kwenye kiti chake pale mlangoni pa gereji bado ni malkia. Mteja hanifikii mimi kabla hajapita kwake. Anakusalimu. Nilimwomba aongeze japo neno moja, akasema salamu zinatosha.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Halmashauri ya mji imebandika tangazo kwenye kila mlango wa mtaa wetu. Wanasema mafundi tumezidi, na nusu yetu ni waharibifu. Kwa hiyo kila gereji itapeleka mbele ya Kamati ya Ufanisi gari moja la petroli, ambalo fundi ameliongezea nguvu kwa kurekebisha uwiano wa hewa na mafuta. Gari litapanda kilima cha hospitali likiwa limebeba wajumbe watatu wa Kamati. Anayefaulu atapewa cheti, na asiyefaulu atafunga mlango kabla ya Julai. Nilipowauliza waliokuja kubandika huo uwiano ni kitu gani, mmoja alinijibu ni lazima uwe wa kiwango. Mwenzake akataka kujua kama unauzwa kwa lita.

Unajua nimerudi nyumbani mwaka jana tu, baada ya miaka tisa ya malori ya dizeli, ambayo hayana kabureta. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara anayejiita Radi ameshaanza kunitania: "Nyie wanawake wawili mtaongeza nguvu ya nini, ya feni?" Lakini wazee wakipita wanasema hii ni gereji ya Sikio, haifungwi. Sikio ni wewe. Wanasimulia jinsi ulivyokuwa ukisimama mbele ya boneti, macho umefumba, mkono umeuinua watu wanyamaze, kisha unataja ugonjwa wa injini bila kuigusa. Mama akiulizwa anajibu kwamba yeye hufuata tu ulivyoacha wewe.

Mjomba, nifundishe kwa barua. Tukikosa cheti hatuna pengine pa kwenda.

Mpwa wako

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mguu haujatulia, ila tumezoeana. Baridi ya hapa imekaa madirishani tangu Novemba, nami nimekaa na kitabu kinene cha historia ya saa, ambacho mwandishi wake hakumaliza kwa wakati. Chini ya dirisha langu magari yanapita bila sauti yoyote. Vijana wa hapa hawafungui injini. Wanaiunganisha na kompyuta na kusubiri majibu.

Habari zako zimenigusa. Tuanze na elimu yenyewe. Injini inavuta hewa iliyokolezwa petroli. Kwa uzani, sehemu kumi na nne na nusu hivi za hewa huunguza sehemu moja ya petroli pasipo kubaki kitu. Huo ni uwiano wa mtu mwenye kiasi. Ukitaka nguvu, petroli izidi kidogo: kumi na mbili na nusu, hata kumi na tatu, za hewa kwa moja ya petroli. Ukizidisha zaidi ya hapo utapata moshi mweusi na plagi zenye masizi. Ukiibania, injini itapata joto hadi pistoni itoboke. Nimewaona mafundi walafi na mafundi bahili, na wote waliishia kuvutwa kwa kamba.

Sasa vitendo. Kwenye kabureta utaona skrubu ndogo ya mchanganyiko. Ifunge taratibu hadi mwisho, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Isiwe miwili, isiwe mitatu. Halafu fumba macho na usikilize. Hili la kusikiliza haliandikiki. Mtu huzaliwa nalo, na katika ukoo wetu limo.

Msalimie sana mama yako. Usimsumbue kwa mambo haya, goti lake lipumzike.

Mjomba wako

27 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Huku paka wa gereji amezaa ndani ya boksi la mikanda ya feni, kwa hiyo wiki hii hatuuzi mikanda.

Nilifanya kama ulivyoandika, kwenye ile pikapu yetu ya gereji. Miwili na nusu, si miwili, si mitatu. Ikiwa imesimama, pikapu iliimba. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya injini na isitikisike. Nikaipeleka kilimani na magunia matatu ya mchanga badala ya wajumbe. Katikati ya kilima ikaishiwa pumzi vile vile kama zamani. Mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani akanipita kwa miguu, akageuka: "Pole mwanangu. Nitue beseni nikusukume?"

Niliporudi nikamweleza Mama kuhusu mizunguko yako. Mjomba, Mama alicheka mpaka akashika goti. "Skrubu ile!" akasema. "Skrubu ile ni ya injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta, petroli inapita kwingine kabisa." Kisha akainuka mwenyewe, na tangu mwaka jana hajainuka bila kushikwa mkono. Akaniambia nifungue kabureta, akatoa jeti kuu, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli gari likiwa na kazi nzito. Akatafuta ndani ya kopo lake la vipuri, akanipa nyingine yenye tundu kubwa zaidi, akanituma kilimani. Nizime juu, nichomoe plagi, nimletee.

Jeti ya zamani ilikuwa imeacha plagi nyeupe kama chaki. "Njaa," akasema Mama. Ya pili ikaileta nyeusi tii. "Hiyo imevimbiwa." Ya tatu ikatoa plagi yenye rangi ya biskuti, na pikapu ikapanda na magunia yake kana kwamba imesahau kitu huko juu.

Nikamwuliza kajifunza wapi. Akasema, "Kwenye daftari la kaka." Ni lile la jalada jekundu, ambalo hulifungua mbele ya mteja kabla ya kila kazi, akalitazama, akalifunga. Alipokwenda kujinyoosha mchana, nikalichukua nikalisoma. Nisamehe. Ni orodha ya vitabu ulivyotaka kusoma, mia moja na saba, na vinne vimewekwa tiki. Hakuna namba ya jeti hata moja.

Mjomba, Mama alijifunza wapi?

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikawia, au mimi ndiye niliyekawia kuifungua. Mhuri wa posta unanisuta. Nimefurahi kwa habari ya paka. Amezaa wangapi? Wana rangi gani?

Kuhusu mtihani wenu, usisahau upepo wa matairi, maana tairi laini hula nguvu ya injini. Angalia pia breki zisiwe zinashika. Safisha chujio la hewa. Kuhusu ile skrubu, inawezekana kabureta za siku hizi zimebadilika.

Kuhusu daftari, waweza kumwambia mama yako kwamba tiki sasa zimefika tisini na moja.

Ulikuwa na swali jingine mwishoni, lakini karatasi imeniishia.

Mjomba wako

16 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Paka ni watano, wote wana rangi ya grisi. Kabureta haikubadilika, ni ile ile iliyokuja na pikapu, na pikapu uliinunua wewe. Karatasi yako ilibaki na nusu ukurasa mweupe.

Mtihani umefanyika. Kamati walikuja kilimani na meza, kitambaa cha meza na maua ya plastiki. Fomu yao ilikuwa hivi: alama arobaini kwa ngurumo, thelathini kwa moshi unaoonekana, ishirini kwa usafi wa gari, na kumi kwa kufika juu. Wa kufaulu ni mwenye thelathini na kuendelea.

Radi alitangulia. Alikuwa ametoboa bomba la moshi na kuongeza tundu la jeti hadi gari linakunywa petroli badala ya kuvuta pumzi. Alipoliwasha, meza ikatembea. Mwenyekiti wa Kamati akasimama akapiga makofi. "Hiyo ndiyo nguvu!" akapaza sauti. "Naisikia mpaka kwenye meno!" Akaingia na wajumbe wawili. Walifika katikati ya kilima wakiwa ndani ya wingu lao jeusi, gari likakohoa mara tatu, likazima. Plagi zilikuwa zimelowa masizi, na halikuwaka tena.

Mimi nikaja nyuma yao na wajumbe wangu watatu. Mwenyekiti akatoa kichwa dirishani, uso umepakaa masizi.

"Binti, hilo gari lako limezimika?"

"Linawaka, mheshimiwa."

"Mbona halisemi?"

"Linapanda, mheshimiwa."

Radi akaniomba kamba bila kunitazama. Nikawafunga, nikawavuta hadi juu: wajumbe wangu watatu, wao watatu, Radi, na gari lake. Pikapu haikubadili hata sauti. Pale juu karani akajumlisha. Radi alipata mia kwa mia, pamoja na zile kumi za kufika juu, maana ni kweli alifika. Sisi tulipata sifuri ya ngurumo, sifuri ya moshi, ishirini za usafi na kumi za kufika. Karani akaandika: "Amefaulu kwa shida."

Lakini cheti hatujapewa. Katika vitabu vya halmashauri fundi wa gereji hii bado ni wewe. Wanataka fundi aliyepo mjini, mwenye miaka ishirini kazini, na kama jina lake halimo vitabuni, basi yule aliyesajiliwa aandike kwa mkono wake kwamba huyo ndiye aliyekuwa akifanya kazi, na tangu lini. Mimi petroli nina mwaka mmoja. Mwenye miaka yupo mmoja tu. Mama alipoisikia habari hii alisema, "Acha. Usimwandikie kaka." Ndiyo maana nakuandikia.

Mwisho ni tarehe thelathini Juni. Nani alikuwa anarekebisha kabureta?

Mpwa wako

9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Alama zenu thelathini nazithamini kuliko mia za yule bwana.

Nimeambatisha karatasi yenye sahihi yangu. Inasema kwamba fundi mkuu ni mimi, kwamba niko safarini kwa muda, na kwamba wewe unafanya kazi kwa maelekezo yangu. Usiione kama uongo. Siku ile niliyoondoka sikuaga mtu, na mtu ambaye hajaaga bado yuko safarini. Waonyeshe hiyo, jina la Sikio litafanya mengine.

Mama yako hapendi kutangazwa. Tangu utotoni yuko hivyo. Tusimvute mbele za watu.

Mjomba wako

28 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Karani alisoma pale penye "safarini kwa muda", akauliza muda gani. Nikasema miaka thelathini na mmoja. Akaikunja karatasi yako vizuri, kwa heshima, akanirudishia. Nami nakurudishia humu.

Jana Radi alikuja na futi kamba kupima mlango wetu. Anataka pawe stoo yake ya matairi. Mama alimtazama anavyopima, akamwambia, "Upande wa kushoto umepinda, pima mara mbili." Radi akampa asante, akapima mara mbili. Alipoondoka, Mama akaingia ndani akaanza kupanga spana zake kwenye sanduku, kubwa chini, ndogo juu.

Mwanzo nilidhani unamlinda Mama. Sasa sijui unamlinda nani.

Mpwa wako

12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sina habari ya hali ya hewa.

Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa tulipofungua gereji. Alikaa ndani ya shimo, chini ya gari, akisikiliza na kunusa bomba la moshi, mkononi ana spana namba kumi na mbili. Pigo moja la spana kwenye chuma: petroli imezidi. Mapigo mawili: hewa imezidi. Matatu: ugonjwa hauko kwenye kabureta. Mimi nilisimama juu na kufumba macho ili nihesabu. Watu niliwanyamazisha ili nisikie spana. Kisha nilitangaza ugonjwa, mteja akaenda kunywa chai, na mama yako akatoka shimoni kufanya kazi.

Tulianza hivyo kwa sababu mteja wetu wa kwanza, alipomwona msichana ameshika bisibisi, aliondoka na gari lake boneti ikiwa wazi. Tukakubaliana tufanye ujanja huu mwezi mmoja tu, watu watuzoee. Mwezi wa pili nikapewa jina la Sikio. Ningeweza kulikataa. Lilinikaa vizuri mno, mpwa wangu. Nilianza hata kutembea kama mtu mwenye jina.

Kisha ukaja mwaka ule wa machafuko ulionitoa huko. Wengi tulioondoka pamoja walirudi mambo yalipotulia. Mimi niliandika kwamba kazi zimenibana. Kazi yangu hapa ilikuwa kurudisha vitabu kwenye rafu za maktaba, saa nane kwa siku, na mbele ya rafu hakuna aliyeniomba nifumbe macho. Sikuzuiwa na serikali wala na nauli. Nilijua asubuhi ya kwanza mtu angefungua boneti mbele ya watu wazima na watoto, aseme, "Sikio, sikiliza." Na shimoni pasingekuwa na mtu, maana ningemwombaje tena, na goti lile.

Zile namba za hewa na petroli nilizokupa ni sahihi. Nilizisoma kitabuni, namba sitini na mbili katika orodha. Mizunguko miwili na nusu niliibuni.

Karatasi ya Kamati nimeiandika mara tano. Katika nne za kwanza bado nilikuwemo kama msimamizi. Hii ndiyo ya tano:

"Kwa Kamati ya Ufanisi. Mimi niliyesajiliwa kuwa fundi mkuu wa gereji hii natamka kwamba sikuwahi kurekebisha kabureta hata moja. Zote zilirekebishwa na dada yangu, tangu siku gereji ilipofunguliwa hadi leo, miaka thelathini na minane. Wazee wanaomsifu Sikio wanamsifu yeye pasipo kujua. Mkitaka kumpima, mpeni injini, kisha mnyamaze."

Jina lake kamili nimeliandika chini, majina yote matatu. La pili, ambalo ni la baba yetu, nililiandika polepole.

Mjomba wako

3 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo sana.

Cheti kimetoka tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla ya mwisho. Karani aliisoma karatasi yako kwa sauti, ofisi nzima ikaacha kazi, ingawa hapo awali sikuona kazi iliyokuwa ikiendelea. Mwenyekiti aliuliza kama spana namba kumi na mbili inapatikana madukani, ili Kamati iwe nayo moja kwa uchunguzi. Kwenye cheti, mahali pa jinsia, palikuwa pameshachapishwa "Mume" kwa mafundi wote. Karani akalikata neno hilo kwa kalamu, akaandika "Mke" juu yake, akagonga mhuri hapo ili isidhaniwe ni kosa. Jina ni la Mama, yote matatu, kwa herufi kubwa.

Asubuhi ya pili Radi alivuka barabara akilisukuma gari lake, lile la alama mia. Akafungua boneti. "Mama," akasema, "hebu sikiliza kidogo."

"Kalizibe kwanza hilo bomba," Mama akamjibu. "Hapo sisikii gari, nakusikia wewe."

Barua yako nilimsomea. Nilidhani atalia, au atakasirika, nikawa nimeshajiandaa kwa yote mawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale pa mapigo ya spana. Nikarudia.

"Mara ngapi nagonga mbili, yeye anatangaza moja!" akasema. "Anafumba macho anajisahau, anaona raha. Mteja akishaondoka namwambia kaka umekosea, ananiambia mbona gari limepona."

Akacheka kidogo, akafuta mikono, akainama kwenye kabureta ya Radi. Nikamwuliza kama nikuandikie salamu tu, kama siku zote. Alikaza kwanza kitu nisichokiona.

"Mwambie aje," akasema. "Wateja wamezidi, nahitaji mtu wa kuongea nao. Boneti asifungue."

Mpwa wako